Lori la Hasani na Siku ya Arobaini

Hasani Likwata wa Mitole alirudi kutoka vita vya Burma na vitu viwili: ufundi wa magari aliofundishwa jeshini, na habari ya kifo cha rafiki yake Mfaume, aliyezikwa huko huko. Habari ile aliipeleka mwenyewe hadi Kiswere, kwa Bi Mwahija, mama wa marehemu. Mama yule hakulia mbele yake. Alimwuliza tu kaburi likoje, naye Hasani akamweleza kwamba liko kando ya mto, limezungushiwa mawe, na kichwani limesimamishwa ubao wenye jina. Mwaka uliofuata alikwenda tena Kiswere, safari hii kuposa, akapewa Kidawa, mdogo wake Mfaume, mtoto pekee aliyekuwa amebaki kwa mama yake.

Lori alilipata pale serikali ilipouza mabaki ya vita Dar es Salaam. Lilikuwa la rangi ya majani makavu, namba za jeshi zingali mlangoni, na turubai lake lilikuwa na viraka vingi kuliko kanzu ya maskini. Watu wa Mitole walisema kwamba lori la Hasani huumwa siku sita, na ya saba hupumzika. Hasani hakuudhika. Kila asubuhi baada ya sala alilizunguka polepole, akigusa boliti moja baada ya nyingine, kisha akafungua sanduku lililokuwa la risasi, mlimokuwa na spana zake, akaanza kazi. Asichoweza kununua alikitengeneza. Gasketi za kuzibia viungo vya injini alizikata kwenye makaratasi magumu ya maboksi, na mipasuko ya radieta aliiziba kwa risasi iliyoyeyushwa.

Mafuta ya breki nayo yalikuwa kazi ya nyumbani. Jeshini walifundishwa kwamba yakikosekana yale ya kopo, dereva achanganye mafuta ya mbarika na pombe kali, kwa kuwa mchanganyiko huo haudhuru raba zilizomo ndani ya breki. Kidawa ndiye aliyekuwa akikaanga mbegu za mbarika, akizitwanga, akizichemsha na kuengua mafuta hadi yakatakata, kisha akayatia katika kibuyu. Pombe ilitoka kwa jirani yao Klementi, Mkristo mcheshi aliyekuwa akiipika kwa mabibo kwa siri. Kidawa hakuruhusu chupa ile ivuke kizingiti, na Hasani alipomaliza kuitumia alinawa mara saba.

"Gari lako linakunywa kunishinda mimi," Klementi alikuwa akimtania, "nalo haliungami kwa padri."

Mwisho wa masika ya mwaka wa arobaini na tisa, Kidawa alishikwa na homa. Lori lilimfikisha hospitali ya Kivinje bila kukohoa hata mara moja, na siku ya nne lilimrudisha akiwa maiti. Katika safari hiyo ya kurudi bomba la breki lilipasuka, na mafuta yote yakamwagika njiani. Hasani aliliendesha kwa gia hadi nyumbani, akalisimamisha uani, akaenda kuzika.

Habari ilifika Kiswere siku ya tatu, mazishi yakiwa yamekwisha. Bi Mwahija alikuwa amevimba miguu na hawezi kutembea. Majirani walipomwambia kwamba wangeweza kumpeleka kwa machela, alisema kuwa habebwi na watu wanne kabla ya siku yake. Akamtuma mjumbe kwa mkwewe na maneno haya: "Kaburi la Mfaume nilihadithiwa. Hili nataka kuliona kwa macho yangu. Anifikishe kabla ya arobaini." Hasani alimwitikia mjumbe palepale, mbele ya watu, kwamba mama atafika.

Tangu hapo hakuwa na kazi nyingine. Bomba lililopasuka alilipeleka kwa fundi wa bati Kivinje, likaungwa. Alifungua magurudumu yote, akasugua kutu, akabadilisha raba zilizochakaa kwa zile chache alizozihifadhi sandukuni. Waliokuja kumpa pole walikuta miguu yake tu ikichungulia chini ya lori, wakazipa pole nyayo zake, wakaondoka. Kila kitu kikawa tayari isipokuwa mafuta. Yale ya kopo aliyaagiza Lindi, lakini hayakuja. Mbarika za mashambani zilikuwa bado mbichi.

Mafuta ya mbarika, hata hivyo, yalikuwapo hatua kumi kutoka pale alipolala chini ya gari. Kibuyu cha Kidawa kilikuwa chumbani, kimejaa. Lakini kwa desturi ya watu wa marehemu, vitu vya mwanamke aliyekufa hufungwa pamoja ndani ya mkeka, wala havifunguliwi ila siku ya arobaini, tena kwa mkono wa mtu wa ukoo wa mama yake. Wa ukoo huo alikuwa amebaki mmoja tu, Bi Mwahija, naye alikuwa Kiswere akilisubiri lori.

Klementi aliona jambo hilo ni jepesi. "Mafuta yamo chumbani kwako, nawe unahangaika kama kuku anayetaka kutaga!"

"Chumba ni changu," Hasani akajibu. "Mafuta si yangu."

"Mwenyewe ndiye unayemfuata. Nani amewahi kumwibia mtu kwa ajili yake mwenyewe?"

"Nifungue mzigo wa mwanawe, kisha nikamwambie apande gari? Nitamtazama kwa macho gani?"

Shauri likaishia hapo. Ufuta ulikuwapo tele katika kila nyumba. Hasani alijiambia kwamba mbegu kwa mbegu ni ndugu, na kinachotoka katika ufuta hakiwezi kuwa adui wa kinachotoka katika mbarika. Akachanganya mafuta yake na pombe, akajaza, akajaribu uani. Breki zilishika vizuri. Siku ya thelathini na nane akaondoka, na Klementi akapanda naye kumpa msaada wa njiani.

Ufuta haukuwa ndugu wa mbarika. Asubuhi ya pili magurudumu yalianza kushikwa yenyewe na kutoa moshi, maana raba zilikuwa zimenywa mafuta zikavimba kama maharage yaliyorowekwa. Hasani alisimama, akalegeza nati, akaachia mafuta kidogo, wakaendelea. Baada ya maili mbili akafanya vilevile. Walipoanza kuteremka kuelekea bonde la Mavuji alikanyaga pedali, nayo ikazama hadi chini bila kukutana na kitu, kwa kuwa raba zilikuwa zimechanika. Aliligeuza lori likagonga ukingo wa barabara. Wao wawili walitoka wazima, ila ekseli ya mbele ilikatika vipande viwili, na ekseli ya namna ile haikupatikana popote pwani yote.

Klementi alibaki na lori. Hasani alishika njia kwa miguu. Siku ya arobaini ilimkuta katika kijiji asichokijua, akawaomba wenyeji wamsomee marehemu Fatiha, wakamsomea. Kesho yake alasiri aliingia Kiswere.

Bi Mwahija alikuwa ameketi barazani, amevaa, na furushi lake la nguo liko kando yake. Alikuwa amekaa hivyo kwa siku tatu. Hasani alisimama mbali na kuinamisha macho, kama inavyompasa mtu mbele ya mama mkwe, akamweleza yote: bomba, kibuyu, ufuta, mteremko. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Mafuta yale ungeyachukua," alisema. "Ningekuwa na neno gani, mwanangu? Kwani nilikuwa nakuja kufuata mafuta?"

Hasani akazidi kuinamisha kichwa.

"Basi keti. Watoto wangu wote wawili, makaburi yao nayapata kinywani mwako. Nieleze."

Akaketi chini, karibu naye kuliko ilivyoruhusiwa. Akamweleza kwamba kaburi liko upande wa mashariki wa mikorosho, mahali palipoinuka, maji hayatuami. Kwamba Kidawa amelazwa vizuri ameelekea Kibla, na udongo wa pale ni mwekundu. Mama akauliza kama mvua za mwisho zililitifua. Akauliza kama majani yameota, na ya namna gani, na nani anayeyapalilia.

Siku zote zile Hasani alikuwa chini ya lori.

"Sijui, mama," akasema. "Tangu tulipomzika sijafika."

Bi Mwahija hakukasirika. Akamwita jirani alete maji ya kunywa na chakula, kwa kuwa mgeni anarudi safari.

"Kula upate nguvu," akamwambia. "Kisha nenda ukalitazame, uje uniambie."