Nusu ya Somo la Damu

Baba yangu alikuwa kundi A, mama B, na mdogo wangu O. Nayajua makundi hayo kuliko ninavyozijua siku zetu za kuzaliwa, kwa sababu ndiyo yaliyoivunja nyumba yetu pale Kongwa. Aliyeivunja hasa ni mimi, nikiwa kidato cha tatu, kwa sentensi mbili tatu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka miwili. Malaria ilimmaliza damu mpaka viganja vikawa vyeupe, tukamkimbiza hospitali Mpwapwa. Ilikuwa miaka ile mambo ya bure yalipokwisha. Baba alikuwa amepunguzwa kazini kwenye shamba la mifugo la serikali lililokuwa likingoja mnunuzi, na glovu za daktari tulizinunua wenyewe ng'ambo ya barabara. Damu nayo ilitoka kwa ndugu. Baba alikunja shati kabla hajaombwa. Mtu wa maabara akampima, akarudi anatikisa kichwa: mzee ni A, mtoto ni O, haitafaa. Mama ni B, kadi yake ya kliniki ilisema hivyo. Mimi hawakunipima kabisa, walisema bado mdogo wa kutoa damu. Kwa bahati mjomba, kaka yake mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Haneti, akapimwa, akawa O. Damu yake ikaingia, na ilipofika jioni mtoto alikuwa analilia uji.

Ingekuwa siku ya furaha. Lakini baba alikuwa amekaa kwenye benchi la barazani, mkono wa shati bado umekunjwa, anawaza. Miaka ishirini alikuwa msimamizi wa wachungaji pale shambani, mtu wa kumtazama ndama akakwambia mama yake ni yupi. Shule hakwenda, na waliokwenda aliwaheshimu kupita kiasi. Barua zake zote nilimsomea mimi, na maandishi ya chupa za dawa za ng'ombe nilimsomea mimi.

"Msomi wangu," akasema, "haya ya makundi ya damu mnayasoma?"

"Tunayasoma, baba."

"A na B wanazaa O?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa wodi, anatusikia.

Somo lenyewe tulikuwa tumelipata nusu. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa na meza ya mitumba sokoni, kama walimu wengi wakati ule ambao mshahara haukuwatosha. Aliandika ubaoni kwamba mtoto hupokea kundi lake kutoka kwa baba na mama, kwa Kiingereza ambacho wengi wetu tulikinakili tu, akasema mengine wiki ijayo. Wiki hiyo ijayo haikuja. Ningeweza kujibu kwamba sijui. Neno hilo halikuwahi kunitoka mbele ya baba, nami nilipenda mno kuitwa msomi.

"Hapana," nikasema. "Wanazaa A, au B, au zote mbili pamoja. O haiwezi kutoka hapo."

Nilisema kwa sauti ya darasani. Baba akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo. Mama alinitazama, nami nikadhani ananionea fahari. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Baba hakumpiga wala hakumtukana. Angefanya hivyo pengine wazee wangewasuluhisha. Aliacha tu kula chakula alichopika mama, na mtoto akimkimbilia alikuwa akinyanyuka na kutoka nje. Mama aliapa, akalia, akaapa tena, na baba akajibu kila mara vilevile: "Siyo mimi niliyesema." Kabla ya mavuno mama alimbeba mdogo wangu mgongoni akarudi kwao Haneti. Mimi nilibaki, maana mimi nilikuwa wa baba bila ubishi. Nilikuwa na mwanya wake na miguu yake ya matege, na watu walinitania kwa hayo tangu utotoni.

Muhula uliofuata mwalimu akaja na nusu iliyobaki. Mtu wa A, alisema, anaweza kuwa amebeba na O aliyoirithi kwa mzazi wake, lakini A inaifunika isionekane. Wa B vilevile. Kila mmoja akimpa mtoto ile iliyofunikwa, mtoto anakuwa O, na ni mtoto wao halali kabisa. Nilinakili yote. Kisha nikanyamaza karibu miaka miwili, kwa kuogopa baba asijue kwamba msomi wake alibahatisha. Ile siku ya barazani nimekwisha kujisamehe, nilikuwa mtoto. Huu ukimya sijausamehe.

Kilichonitoa ni fomu ya afya ya chuo cha ualimu. Walinipima, wakaandika O. Mimi, mwenye mwanya wa baba.

Nilipanda basi siku hiyohiyo. Nilimkuta baba uani, nikamwamkia, nikamwonyesha fomu, nikamweleza yote, pamoja na ile miaka miwili.

"Kumbe ni kama ng'ombe," akasema.

"Kama ng'ombe vipi, baba?"

"Dume jeusi na jike jeusi wanaweza kuzaa ndama mwekundu. Nimewazalisha kwa mikono yangu, mara nyingi tu. Wekundu umo ndani, hauonekani."

"Sasa mbona siku ile..."

"Nilidhani watu ni tofauti. Na wewe ndiye uliyesoma."

Hakusema kwa hasira. Hasira ningeipokea. Asubuhi alinisindikiza stendi, na basi lilipoanza kuondoka akaniambia dirishani nimsalimie mama.

Haneti nilimkuta mama uani kwa mjomba, anamenya karanga. Mdogo wangu alikuwa anafukuza kuku kwa miguu ya matege ambayo sasa haikuhitaji maabara. Nikaeleza tena, A, B, O, ndama na yote. Mama alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni.

"Baba yako umemwambia?"

"Nimemwambia, mama."

"Amesemaje?"

"Anakusalimia."

Akavunja ganda jingine, akatoa punje mbili, akazitia kwenye ungo.

"Nawe ukirudi umsalimie," akasema.