Kikundi Nilichokiandika Mahututi

Mchungaji wetu aliponikabidhi kazi ya kupima afya ya huduma za usharika, wazee wa kanisa walitazamana. Wananijua. Nusu yao niliwafundisha darasa la nne, na waliobaki niliwafundishia watoto. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa wilayani Ikungi mpaka nilipostaafu, na sijawahi kumwongezea mtoto alama kwa kumwonea huruma, hata wangu wa kuzaa. Mchungaji alisema waziwazi kwamba anataka mtu asiyemwonea mtu haya. Sitaki kudanganya, nilifurahi sana. Nilirudi nyumbani nikitembea kama bibi harusi.

Fomu ilitoka jimboni. Iliuliza kama kila huduma ina viongozi, kama inakutana, kama inaandika taarifa, na kama watu wake wanahudhuria ibada. Mwishoni kulikuwa na nafasi ya kuandika hali ya huduma yenyewe, ila hawakusema tuandike neno gani. Nikatunga yangu matatu: nzima, dhaifu, mahututi. Ile itakayoonekana haina uhai ilitakiwa ifutwe, na watu wake wagawanywe kwenye huduma nyingine.

Nilianza na kwaya. Niliingia kwenye mazoezi yao na kalamu nyekundu mkononi, nikakaa nyuma, wakaimba mpaka nikasahau kuandika. Sauti ya kwanza inaongozwa na mama mmoja mwembamba, mke wa fundi cherehani aliyepooza upande mmoja. Mama yule akianza kuimba, hata mwenye baiskeli barabarani hushusha mguu chini asikilize. Kwaya, nzima. Shule ya Jumapili nayo nzima, maana watoto walinitajia vitabu vya Biblia kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho, nami nikasikia raha kama vile nimewafundisha mimi. Vijana niliwaandika dhaifu. Wako mguu ndani, mguu nje, na simu haziwatoki mikononi. Mwenyekiti wao alinifuata nyumbani kunibembeleza. Uji nilimpa, alama sikumpa.

Kikabaki kikundi cha kuwatembelea wagonjwa. Ni akina mama sita. Daftari la mikutano hawana, na taarifa hawajawahi kuandika hata ukurasa mmoja. Mwenyekiti wao ni mama mtu mzima, amenizidi umri. Nilipomwomba ripoti alinijibu kwamba watu wanaendelea vizuri, kisha akaniuliza kama nimeshamaliza kuvuna alizeti.

Nikafungua daftari la mahudhurio ya ibada, lile ambalo mzee wa zamu hulijaza mlangoni kila Jumapili. Nilirudi nyuma miezi mitatu. Kila Jumapili wawili au watatu kati ya wale sita hawakuwepo, tena kwa kupokezana, kama watu waliokubaliana. Mwenyekiti ndiye alikuwa kinara. Akionekana Jumapili moja, mbili zinazofuata hayupo. Damu ilinichemka. Kwangu mimi mtoro ni mtoro, awe na miaka tisa au sabini. Mimi mwenyewe sikukosa ibada hata ile miaka miwili mama yangu mzazi alipokuwa kitandani nyumbani kwangu, na jambo hilo nimelisema mbele za watu zaidi ya mara moja. Nikaandika mahututi, nikapiga mstari chini yake. Nikapendekeza kikundi kifutwe, na wale mama wapelekwe kwaya na kikundi cha maombi kwa sharti la kuhudhuria kila Jumapili. Wazee waliafiki bila swali. Ripoti ingesomwa Jumapili inayofuata, baada ya ibada, mbele ya usharika wote.

Asubuhi ya Jumapili hiyo niliona si haki mtu asomewe hukumu hayupo. Nikatoka mapema, nikapita kwa yule mwenyekiti nimwambie leo asithubutu kukosa. Nyumbani kwake hakuwepo. Jirani yake alinielekeza kwa fundi cherehani.

Nilimkuta mke wa fundi mlangoni, amevaa joho la kwaya, anafunga viatu kwa haraka. Alinisalimu, akanipita mbio. Ndani, mwenyekiti wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anamlisha fundi uji wa uwele kwa kijiko. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Alikuwa akiongea na mgonjwa kwa Kinyaturu, akimtania juu ya gauni alilowahi kumshonea likatoka mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Fundi alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Uji ulipokwisha alimfuta, akamgeuza ubavu taratibu, kisha akakunja kanga mara nne na kuiweka chini ya mguu, juu kidogo ya kisigino, ili kisigino kisiguse godoro na kufanya kidonda.

Mkunjo ule niliujua. Ndivyo ilivyokuwa kanga chini ya mguu wa mama yangu, kila Jumapili niliporudi kutoka kanisani. Nilimkuta mama amekula, amegeuzwa, shuka kavu, na mmoja wa mama hawa ameketi naye. Nilisema asante, nikaenda kubadili nguo. Nilidhani wamepita tu kumjulia hali. Kwa miaka miwili sikuuliza wanasali saa ngapi. Jumapili zile nilizojisifia, wao ndio walionipa, na wakaandikwa watoro kwa ajili yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nilimweleza yote, nilichoandika na nilichopendekeza. Hakukasirika. Aliniambia wanapangiana zamu kwa mdomo, maana nyumba zenye mtu wa kitandani zinajulikana. Ile Jumapili moja anayoonekana ibadani, zamu yake inashikwa na jirani Mwislamu, na yeye mwenyekiti sikukuu ya Idi huenda kukaa na mama mkwe wa jirani huyo. Kisha akaniuliza:

“Leo sauti ya kwanza anaongoza nani?”

“Mke wa huyu,” nikasema.

“Basi wahi, mwalimu. Usikose kumsikia.”

Nikawahi. Nilimsikia akiimba, nikawa nalia, na waliokaa karibu nami wakadhani nimefiwa.

Baada ya ibada katibu alisoma ripoti yangu. Alipofika kwenye neno mahututi nikasimama, nikasema nataka kubadilisha. Mzee mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, akasema ripoti imeshasainiwa, na fomu inauliza mahudhurio, haiulizi sababu. Mwingine akashauri wagonjwa watembelewe mchana, ibada ikiisha. Hapo ukali wangu wa darasani ukanirudia.

“Niliwafundisha wengi wenu,” nikasema. “Mnajua sijawahi kubadilisha alama. Leo nabadilisha, kwa sababu nilisahihisha vibaya.”

Nikawaeleza habari za mama yangu bila kuficha kitu. Ndipo mke wa fundi akasimama, joho likiwa bado mwilini, na sauti ile tuliyoizoea ikawa ndogo.

“Kama mnawarudisha hawa mama ndani kila Jumapili, basi niageni leo kabisa. Mimi nitabaki na mume wangu.”

Mtu wa pili kusimama alikuwa mzee wa zamu, yule anayejaza daftari mlangoni. Alisema baba yake hainuki mwaka wa pili sasa, na kwamba Jumapili nyingi alizowaandika akina mama hawa kuwa hawapo, mmoja wao alikuwa sebuleni kwake. Wakasimama pia mwalimu wa shule ya Jumapili na baba mmoja anayeimba besi kwenye kwaya, nao wana mtu wa kitandani nyumbani. Nikazihesabu upya huduma nilizoziandika nzima, nikaona kila moja imeegemea kwa hawa sita. Nimewahi kuwa na darasa lililofaulu lote, na nilijivuna mwaka mzima. Haikuwa kitu mbele ya fahari niliyokuwa nayo siku ile, kwamba mimi ni mtu wa usharika huu, na mama yangu alitunzwa na watu wa usharika huu.

Mchungaji aliniuliza sasa tuandike nini. Nikasema nzima. Hakuna aliyepinga, hata yule mwanafunzi wangu. Pendekezo la kukifuta likaondolewa, na mchungaji akaomba mwenyekiti wa kikundi apite mbele tumshukuru.

Tukageuka wote kumtafuta kwenye mabenchi ya akina mama, mikono tayari kwa makofi. Hakuwepo. Mke wa fundi alikuwa bado amesimama katikati yetu.