Siku Mtu wa Binti Yangu Aliposhindwa Ayalandi

Sogeeni karibu na hita, msikae huko mlangoni. Hii ninayosimulia si ya kale, ni ya juzi tu, wakati chama kimoja cha huko Ayalandi kilipokuwa kinatafuta mkubwa mpya. Mtaniuliza, wewe bibi wa Malvern, hapahapa Joburg, shule yenyewe uliishia la pili, Ayalandi inakuhusu nini? Inanihusu sana. Mwanangu yuko huko.

Ni binti yangu wa mwisho, nesi, anatunza wazee katika mji mdogo ambao mvua yake haina msimu. Alipoondoka alisema, "Ma, naenda narudi." Akaolewa hukohuko, akazaa hukohuko. Mjukuu wangu huyo sijawahi kumpakata. Namjua kwa simu ya video tu, na tundu za pua nazijua kuliko uso, maana simu anaishika karibu kama anataka kuila.

Basi kila binti akipiga, mimi swali langu ni lilelile: unarudi lini? Na yeye jibu lake lilelile: "Mwaka huu tutaangalia, Ma."

Siku moja akapiga amechangamka, kifuani kabandika beji. "Ma, mkubwa wa chama chetu anaachia ngazi. Tunachagua mwingine, na mimi nina kura."

"Wewe? Mgeni?"

"Mimi, Ma. Kwenye chama mimi ni mwanachama kama wao."

Walioutaka ukubwa walikuwa wawili. Mmoja ndiye wa binti yangu. Nikauliza, kwa nini huyo? Akasema alikwenda pale kwenye nyumba ya wazee, akakaa nao, akanywa chai mpaka ikaisha. Yule mwingine aliisifu chai, akaondoka.

Akanionyesha na mkutano wao. Jamani! Ukumbi umejaa watu na makoti yao, wametulia kama wako zahanati wanasubiri kuitwa. Hakuna wimbo, hakuna fulana za rangi, hakuna hata mmoja anayeruka toyi-toyi, ule mchezo wa maandamano wa huku. Mtu akisema la maana wanapiga makofi, pa pa pa, wananyamaza. Nikamwambia, "Hao wanachagua mtu au wanazika mtu?" Akacheka mpaka akakohoa.

Mimi mambo ya vyama nayajua, msinione hivi. Nimezaliwa Morogoro, na marehemu mume wangu nilimpata kwa sababu chama chake kilifukuzwa huku Afrika Kusini, akaja kwetu mkimbizi, mrefu kama mnazi, hajui hata kuagiza chai. Wangeshinda mapema mimi ningeolewa na fundi baiskeli. Baadaye ndio tukaja wote huku kwao. Na hata hapa Malvern, tawi lao lilipochagua mwenyekiti, upande ulioshindwa ulibeba viti vyote, maana viti vilikuwa vyao. Mwenyekiti mpya akaanza kazi amesimama. Mpaka leo wengine hawasalimiani.

Jirani yangu ni Mkongo, ana saluni yake pale Jules Street. Kwao mume wake alikuwa upande wa mgombea fulani. Upande ule ukaanguka, wakakimbia na nguo za mwilini. Siku hiyo ananisuka, nikamweleza habari za binti. Akaacha kusuka, kitana kimebaki kichwani kwangu.

"Mama, na ule mutu wake akianguka?"

"Akianguka, nini?"

"Mama naye! Kwetu ule akianguka, batu yake yote banafunga mizigo. Binti yako atarudi hapa. Atakimbilia wapi kwingine?"

Haki ya Mungu! Sikuwa nimewaza hilo.

Kuanzia hapo nikawa namwombea yule mwingine, yule msifu chai. Nasema, mpe Baba, mpe ukubwa huyo, usimnyime. Jirani naye akawa anamwombea kwa Kifaransa, ili ombi lisipungukiwe. Binti akipiga, "Ma, tuombee jamani," namjibu, "Naomba, mwanangu, tena magoti yananiuma."

Cherehani nikaitoa chumba cha nyuma. Godoro nikalianika. Nikapanda teksi mpaka Rosettenville kwa Wareno, nikamtafutia yule samaki wa chumvi anayempenda tangu mdogo. Mjukuu nikamnunulia blanketi lenye simba, kwa sababu baridi ya Juni hapa Joburg si ya mchezo, nyasi zenyewe zinakauka. Usiku wa baridi nikawa naingia kile chumba, nakaa tu kitandani, nanyoosha shuka ambalo halijalaliwa.

Siku ya matokeo ilikuwa jioni. Kwangu giza limeshaingia, kwao jua linawaka kama saa tisa mchana. Mimi na jirani tumejikunyata, simu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari. Binti yuko kwenye ukumbi wa tawi lao, wanatazama matokeo kwenye runinga, anatunong'oneza. Kumbe huko kura hazilingani uzito. Wanachama wa kawaida, kina yeye, wana kura zao, na wabunge wana zao, na ya mbunge ndiyo nzito. Wale wadogo wengi walimtaka mtu wa binti yangu. Wabunge wakamtaka msifu chai.

"Tumeshindwa, Ma," akasema.

Nikapiga kigelegele. Jirani akadakia. Tuliimba, tukashikana mikono, hita nusura tuiangushe.

"Ma! Ma! Hujasikia? Nimesema tumeshindwa!"

"Nimesikia, mwanangu. Chumba kiko tayari."

"Chumba cha nani?"

"Chako! Si mmeshindwa? Unafika lini?"

Hapo akaelewa, akaanza kucheka, anacheka na machozi yanatoka, sijui ya kura au ya mama yake.

"Ma wangu. Huku hakuna anayekimbia. Mtu wetu ameshampa mwenzake mkono, wamekumbatiana, sasa hivi wanakunywa pamoja. Na mimi wameniomba niwe katibu wa tawi. Kesho asubuhi nina zamu."

Jirani akaingiza kichwa kwenye simu. "Banakunywa pamoja?"

"Pamoja, mama."

"Na hakuna hata mumoja alipigwa?"

"Hakuna."

Jirani akakaa chini taratibu. "Eish," akasema. "Basi mama, ule harudi."

Nami nikajua vilevile. Karibu watu wote niliowapenda, niliwapata kwa sababu kuna mahali walishindwa. Mume wangu. Huyu jirani. Wale wanaoniletea nguo za kushona. Sasa nchi ambayo ukishindwa wanakupa ukatibu, mtu ataitokaje? Nilimfurahia, nisiseme uongo, nilimfurahia sana. Lakini chumba nilishakiandaa.

"Toka nje na hiyo simu," nikamwambia. "Nataka kuona njia unayopita kwenda kwako."

Akatoka. Barabara imelowa, inang'aa. Nyumba fupifupi, kila mlango na rangi yake. Mzee mmoja mwenye mbwa akamsimamisha, akamshika mkono, akamwambia maneno. Binti akanitafsiria: huyo ni wa upande ulioshinda, anampa pole. Mzee akachungulia kwenye simu, akanivulia kofia. Na mimi nikampungia, ningefanyaje?

"Taratibu," nikamwambia binti, "usikimbie. Nionyeshe hilo duka. Huo mti unaitwaje? Hapo kwenye kona huwa unapumzika?"

"Sipumziki, Ma, ni karibu."

"Nionyeshe hivyohivyo."

Nilitaka nikimuwaza, nijue nimuweke wapi. Jirani alikuwa ameniegemea begani, tunatembea wote barabara ya watu.

Tukafika mlangoni kwake. Mjukuu akatoka mbio, miguu mitupu, akasimama kwenye ngazi yenye maji.

"Mvalishe viatu," nikasema. "Atapata kifua."

"Sawa, Ma, ngoja."

Akaingia naye ndani, simu akailaza mezani. Nikawa naona dari ya nyumba yao tu, nyeupe, na waya wa taa unaning'inia. Nawasikia. Mtoto anakataa soksi, mama anambembeleza, kijiko kinaanguka mahali. Jirani akaniuliza kama akate simu. Nikamkataza kwa mkono.