Sumu Isiyoogopa Moto

Juzi asubuhi, kwenye ufuko wa Himbi tunakochota maji, ziwa lilikuwa la kijani karibu na mawe, kama mtu amemwaga sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Mama mmoja, mtoto mchanga mgongoni, alisukuma ule utando kwa kiganja, kisha akazamisha bidoni yake ya kuchotea.

Mtafiti wa maji, dada aliyevaa buti za mpira, akamwambia: "Mama, mayi ya leo usimpe mutoto."

"Miye nachemshaka mpaka inatokota," mama akajibu. "Ama moto yangu ni ya mchezo?"

Tukacheka. Dada naye akacheka, kisha akamwita kwenye hadubini aliyoiweka juu ya jiwe, tone la maji hayo chini ya lenzi. Mama akainama, akachungulia.

"Ni kama shanga," akasema taratibu.

"Ni vidudu, mama. Vingine viko na sumu. Moto inaviua, vinapasuka, lakini sumu inabakia mu mayi."

Nami nikaangalia. Shule yangu ilikatika kabla hatujafika kwenye hadubini. Niliona nyuzi za kijani, shanga kwa shanga, nzuri kuliko mkufu wowote wa sokoni. Dada akasema jamii ya vidudu hivyo ndiyo iliyoanza kuijaza dunia hewa tunayovuta, kabla hata ya mti wa kwanza.

Mama akamwaga maji yote, akamkaza mtoto kwa kitenge. "Vilitupatia pumzi," akasema, "na sasa vinataka tuirudishe?" Akapanda kuelekea bomba la mbali.

Nyumbani mchemshaji maji ni mimi. Sasa, kabla ya kuuamini moto wangu, ninashuka kwanza kulitazama ziwa.