Taa Iliyokuwa Ikirudi kutoka Udongoni

Mwaka wa 1978 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kilima kikamchukua baba. Ilikuwa mvua ya mwezi wa nne, upande wetu wa Gakindu. Sisi tulikuwa tumeshatoka mpaka barabarani, yeye akarudi kutoa mbuzi, na udongo ukashuka na nyumba yote. Wanaume walichimba mpaka wakachoka. Walitoa sufuria, mlango, na kioo cha mama, kizima, hata ufa hakina. Baba hawakumtoa. Shule yangu iliishia hapo, darasa la tano. Yaliyobaki nimejifunza kwa mikono, na sioni aibu.

Mama alijenga tena, chini kidogo ya pale pale, kwa sababu shamba letu lilikuwa hilo moja. Kioo akakitundika ukutani kuelekea mlango, lakini nyuma yake, upande wa chini, akasukumia gunzi la mahindi. Kwa hivyo kikawa kinaangalia juu kwa mabati. Ukiingia, hukutani na uso wako. Nilimuuliza sababu. Akasema kikisimama wima anaona mtu nyuma yake. Hatukuongea habari hiyo tena, na gunzi likioza aliweka lingine.

Nilichimba mitaro ya simu miaka mingi, Nyeri, Karatina, mpaka Nanyuki. Ikaja faiba, waya wa kioo chembamba unaopitisha mwanga, na mitaro ikawa ile ile. Nikawang'ang'ania waliokuwa wakiunganisha mpaka wakanifundisha. Kuna konekta, kichwa cha kuungia waya, ya bluu, ambayo uso wake umekatwa wima. Mwanga ukifika hapo, kipande chake hugeuka na kurudi njia iliyokuja, mpaka kwa taa iliyoutuma, na kuisumbua. Halafu kuna ya kijani, ambayo uso wake umelazwa nyuzi nane. Kinachogeuka hapo kinapotelea ubavuni, hakirudi nyumbani. Wenzangu walisumbuka kuelewa. Mwalimu alichora, akafuta, akachora tena. Mimi nilikuwa nimelala mbele ya kitu hicho, kile kioo cha mama, tangu utotoni.

Mwaka juzi watu wa utafiti walikuja kuzika faiba kwenye kilima chetu. Udongo ukianza kuvutika, faiba inavutika nao, na mashine inajua ni wapi kwa kusikiliza mwanga mdogo sana unaorudi kutoka ndani ya waya wenyewe. Huo mdogo ndio wanaoutaka. Ukija mkubwa, mashine inapofuka, kama mtu aliyemulikwa tochi machoni. Kazi ilipewa kikundi kingine. Mimi niliitwa ilipokataa.

Injinia wao alikuwa mwanamke kijana wa upande wa Meru, mwenye adabu na asiyecheka ovyo. Alinionyesha mstari kwenye kompyuta. Ulikuwa unashuka polepole, halafu ghafla mwiba mrefu umesimama katikati.

"Mzee, hapa kuna kitu kinanipiga macho," akasema. "Na kutoka hapo kwenda mbele sioni kitu. Ni kama kilima kimefungwa pazia."

"Ni konekta," nikamwambia.

"Hata mimi nafikiri hivyo. Lakini iko wapi?"

Tulifuata waya kwa futi ya kupimia, mimi mbele, yeye akiita umbali. Aliposema "hapo," nilikuwa nimeshasimama. Palikuwa pale. Kikundi cha kwanza kilikuwa kimetafuta mahali tambarare pa kuweka sanduku la maungio, na kwenye mteremko wote huo palikuwa na mahali pamoja tu, kiwanja cha nyumba yetu ya zamani. Na baada ya hapo, kwenye lile pazia, ndipo ilipokuwa nyumba ya mama ya sasa.

Mvua ilikuwa karibu. Injinia aliniambia waziwazi kwamba hawezi kusema kama mama analala salama au halali salama.

Jirani yetu mmoja, mzee wa rika langu, alikuwa amesimama kwenye migomba akisikiliza kila neno.

"Wewe si ndio fundi wa taa?" akaniita. "Basi pokea. Baba yako anakuflash."

Nilimwambia aende akakamue ng'ombe wake. Alienda, lakini kwa mama.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mama pale sandukuni. Ana zaidi ya miaka themanini, na alikuwa amebeba jembe. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa.

"Ati kuna kitu hapa chini inajibu," akasema.

"Maitu, ni waya imeungwa vibaya."

"Wanatuma taa, na inarudi. Hapa. Si kwa shamba ya mtu mwingine. Hapa."

"Ni kwa sababu sanduku iko hapa."

"Na kwa nini waliweka hapa?"

Nikamwambia ndipo palipokuwa tambarare. Kwa kweli jibu hilo halikunitosha hata mimi. Usiku ule mzima nilikuwa nimeuona ule mwiba nikifumba macho.

Nilimwomba aje kwangu Gatitu mvua ipite. Akakataa. Alisema mzee wake mmoja yuko Nairobi, akimaanisha kifungua mimba wangu, ambaye ana jina la baba kama desturi yetu inavyotaka na ambaye yeye humwita mume wake, na huyu mwingine yuko kwa udongo na hana hata msalaba. Sasa ameanza kujibu, ndiyo aondoke?

"Na ukizima hiyo taa," akaniambia, "utakuwa umemfunika tena."

Injinia alikuwa amesimama kando akiangalia viatu vyake. Nikamwambia mama: nitafungua hili sanduku mbele yako. Nitarekebisha. Kama ule mwiba utabaki, nitachukua hilo jembe na kuchimba mimi mwenyewe, na sitaacha. Kama utaondoka, utapanda gari langu leo.

 Akaweka jembe chini, akaukalia mpini wake.

Nilifungua. Ilikuwa vile nilivyodhani: upande mmoja kijani, upande mwingine bluu. Hao waliishiwa na za kijani, wakachomeka walichokuwa nacho. Zinaingia, na mwanga unapita, kwa hivyo mtu asiyejali anafunga sanduku na kwenda kula. Lakini uso mmoja umelala na mwingine umesimama, kwa hivyo haziwezi kugusana. Katikati inabaki hewa, na kwenye hiyo hewa ndipo mwanga unapogeuka. Nilimwonyesha mama kwa viganja, kimoja wima na kingine kimeinama.

"Ile kioo yako," nikasema. "Hawa walisahau gunzi."

Aliangalia viganja vyangu sana. 

Nilikata zote mbili nikazitupa. Nikasafisha waya kwa spiriti, nikauchomelea moja kwa moja pasiwe na hewa wala uso. Kule mwisho wa waya, chini ya nyumba ya mama, nikauzungusha kwenye penseli mara kadhaa, mwanga uliobaki uvujie nje usipate pa kugeukia. Kisha nikarudi juu na kumwambia injinia apime.

Nitasema ukweli. Mkono wangu ulikuwa kwenye jembe. Nilitaka ule mwiba ubaki.

Mstari ulipita pale laini kabisa. Hapakuwa na kitu. Ungedhani hapajawahi kuwa na nyumba, wala mbuzi, wala mtu aliyerudi ndani.

"Imenyamaza?" mama akauliza.

"Imenyamaza, maitu."

Akaitikia kwa kichwa. Injinia aliendelea kupima, mara moja, mara ya pili, kisha akaniita kwa sauti ya chini. Kule mbele, pale palipokuwa na pazia, kwenye kona ya jikoni ya mama, udongo ulikuwa unavutika. Kidogo, lakini kila akipima umeongezeka.

Mama hakungoja nimweleze. Alitelemka, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amebeba kioo. Kuku nilibeba mimi. Ile mvua ilipokuja ilichukua jikoni yote na chumba chake cha kulala. Kitanda tulikiona baadaye, miguu ikiwa juu, kwenye kahawa ya yule jirani. Hajafanya mzaha na mimi tena.

Mpaka leo nikipita kazini na mashine ikachora mstari, macho yangu hutafuta. Hata kwenye waya wa mtu mwingine, Othaya au Nanyuki, hutafuta mwiba mmoja uliosimama mahali usipotarajiwa. Nikiuona naurekebisha. Ndiyo kazi yangu.

Leo niko na hivi: nyumba ya mawe Gatitu, vyumba vinne, kimoja cha mama. Pikapu moja. Mashine ya kuchomelea faiba, yangu, si ya kukodi. Ng'ombe wawili wa maziwa. Lile shamba la Gakindu, ambalo halijengwi tena, lina kahawa juu na nyasi chini. Jembe moja la mama. Kaburi la baba sina. Kioo kimoja, kwenye ukuta unaoangalia mlango, na gunzi nyuma yake, ambalo siku hizi nabadilisha mimi.