Siku Niliyosema Amesikia

Kwenye kile kiwanja kidogo cha udongo, nje ya mji wa Baraka, kati ya ziwa na milima, hapakuwa na mnara wa kuongozea ndege. Palikuwa na kibanda cha mabati, betri, foni, yaani redio ya kuzungumza na rubani, na mimi. Kazi yangu ilikuwa kumwambia rubani upepo unatoka wapi, mvua iko upande gani wa milima, na kama kuna ng'ombe au watu ndani ya piste, ile njia ya ndege kutua. Yeye alipaswa kurudia maneno yangu, nijue ameyapata. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa. Kifaransa cha kusemea kwenye foni nilikiongezea humo humo kibandani, maana shule niliiacha darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini nikabaki na wadogo zangu watatu.

Siku nyingi ilikuja ndege moja tu, siku nyingine hakuna. Nilikaa tangu asubuhi nikisikiliza sauti za marubani wa mbali wakizungumza na watu wao. Wadogo zangu wawili walikuwa wameondoka, mmoja kaolewa Kazimia, mwingine yuko Uvira. Aliyebaki nyumbani ni kitinda mimba, kijana wa miaka ishirini. Nilimwombea kazi pale pale, ya kufyeka majani na kujaza mashimo.

Rubani wa kawaida alikuwa mzee mmoja mpole. Tulipozoeana, aliacha kurudia maneno. Nikimaliza kusema, alibonyeza kitufe cha redio yake mara mbili, tik-tik, maana yake nimekupata. Hata alipopita juu kwenda Kalemie bila kutua, alinigongea, nami nikamgongea. Kuna siku ambazo hiyo ndiyo ilikuwa salamu pekee niliyoipata hadi jioni. Sikuona ubaya wake. Niliipenda.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya siku mbili, tulikuta maji yamechimba mfereji kwenye mwanzo wa piste, upande wa ziwa. Wafanyakazi watano, mdogo wangu akiwemo, waliingia na majembe na mabeleshi kuufukia. Ndege ilikuwa njiani. Nikaita kwenye foni: upande wa ziwa umeharibika, kuna watu, ingia kwa upande wa milima. Nikangoja. Foni ikakwaruza, kisha nikasikia tik-tik.

“Yaya, shemeji yetu wa mawinguni amejibu?” mdogo wangu alipaza sauti; yaya kwetu ni dada mkubwa. Wenzake wakacheka.

“We, funga kinywa! Amesikia.”

“Sasa tutoke ao tubakie?”

“Mubakie, mutumike. Atatokea kule kwa milima.”

Wakainama tena, wakaendelea na kazi. Nikaandika kwenye kitabu cha kazi: amesikia. Nikatoka kutazama milima.

Mlio ulitokea nyuma yangu. Ndege ilikuwa inashuka kutoka ziwani, chini kabisa, imewaelekea. Mdogo wangu alikuwa ndani ya mfereji, ameipa mgongo. Nilikimbia nikipiga kelele, sijui nilisema nini. Mzee mmoja kati yao aligeuka, akamvuta shati, wote wakaanguka kwenye matope. Injini ikanguruma, ndege ikainuka na kupita juu yao. Ikazunguka, ikatua kutoka upande wa milima.

Rubani alikuwa mgeni, kijana.

“Mama, batu banafanya nini mu piste?”

“Nilikuambia. Ukanijibu.”

“Mi sikukujibu. Nilikuwa ningali naongea na kule nilikotoka. Nimefungua redio kwako wakati niko juu ya maji.”

Hakusema uongo. Tik-tik ile sikujua kamwe ilikuwa ya nani. Labda rubani mwingine alikuwa anamjibu mtu wake, labda ni radi ya mbali. Nilikuwa nimezoea kuipata, nikaichukua kama yangu.

Mdogo wangu akaja, matope hadi kifuani. Hakufoka.

“Yaya, ulisema amesikia.”

“Nilisema.”

“Alikuambia nini?”

Sikuwa nimeambiwa hata neno moja.

Nilikata neno nililoandika kwa mstari, nikaandika: hakujibu. Nikatia sahihi. Mkuu wangu alinigombeza mbele ya watu, lakini hakunifukuza kazi. Nyumbani, kwa karibu wiki mbili, mdogo wangu alisema nami habari za maji na chumvi tu.

Rubani mzee aliporudi, nilimwambia kwenye foni: “Papa, tangu leo unirudilie maneno. Yote.”

Akauliza: “Ata vile tunajuana, mama?”

“Ata vile.”

Akarudia upepo, mfereji, watu, kama anavyosema na mtu asiyemjua. Tangu hapo akipita juu hanigongei. Nausikiliza mlio wake mpaka unapotea upande wa kusini.

Mdogo wangu hakuacha kazi. Ila kila nikitoka kibandani kuwapa habari, anachomeka beleshi ardhini na kuuliza kutoka kule kule: “Amesema nini?” Namwambia neno kwa neno. Siku rubani asiposema kitu, hata nimwite mara ngapi, nawatoa wote kwenye piste. Tunakaa kwenye majani, yeye na wenzake upande ule, mimi upande huu, tunatazama milimani na ziwani mpaka ndege ionekane.