Bango la Kaka Mpini

Kaka yangu hugongelea mipini kwenye vikaango, na mtaani wanamwita Mpini. Ana mikono mizuri na hasira mbaya. Ombaomba akisimama mlangoni mwa karakana yake hapewi hata pole, anarushiwa makaa. Namjua vizuri, maana ndiye aliyenilea tangu nikiwa mtoto wa mgongoni, akiwanyooshea watu kiganja stendi ili nipate mkate. Alizabwa vibao pale mpaka sikio moja likaziba. Akaapa kwamba neno naomba halitatoka tena kinywani mwake, na kweli halikutoka. Hata maji nyumbani kwake alisema, lete.

Basi shemeji yake, mdogo wa wifi yangu, mchora mabango mwenye Kiingereza cha kuokoteza, akataka kumfanyia hisani. Akaunganisha maneno ya Kiingereza, pan ya kikaango, handle ya mpini na er ya mtu, akapaka juu ya mlango wa karakana kwa herufi nyekundu: PANHANDLER. Kaka akavimba kichwa. Wageni waliopita walicheka, wakapiga picha, naye akajipanga mbele ya bango akidhani wameipenda kazi yake.

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyeleta kikaango kilichong'oka mpini, ndiye aliyemtoa tongotongo. Akamweleza kwa upole kwamba kwa Kiingereza neno lile ni ombaomba, na wapo wanaosema limetokana na mkono unaokakamaa mbele ya wapita njia, mithili ya mpini wa kikaango. Kaka akachukua nyundo, akatoka.

Alimkuta shemeji yake juu ya ngazi, akipaka rangi ukuta wa duka la dawa. Akaipiga ngazi teke. Kijana wa watu akaanguka na kopo lake, na kabla hajajua kosa lake ni lipi, kaka akaukanyaga mkono wake wa kulia, akavishukia vidole kwa nyundo, kimoja baada ya kingine. Nilifika nikisikia mifupa ikivunjika. Nilimng'ata kaka begani mpaka damu ikanijaa mdomoni, ndipo akaacha. Siku ile nilimchukia, tena nilimchukia kwa moyo wote.

Wifi akafungasha, akahamia kwa mama yake pamoja na watoto. Akatuma ujumbe kwamba atarudi siku mumewe atakapokwenda kumwomba mdogo wake msamaha, mbele ya mama yao. Kaka akakonda. Karakana ikafungwa. Mwishowe akanijia, akaniambia twende.

Tulimkuta shemeji amekaa mezani, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, mama yake akimlisha kwa kijiko. Kaka akasimama mlangoni.

"Nisamehe," akasema.

"Hiyo ni amri," wifi akamjibu. "Kuomba hujui?"

Neno likamtoka kwa sauti ndogo ya kitoto.

"Naomba."

Akapiga hatua, akanyoosha mkono, kiganja kikitazama juu. Machozi yalinitoka, kwa sababu pale ndani ni mimi peke yangu niliyejua neno lile limemgharimu nini.

Lakini shemeji aliona mkono tu, unamjia. Akapiga ukelele, akajitupa chini ya meza, akajifunika kichwa kwa ule mkono wenye bandeji.

"Basi, shemeji," alisema kule chini. "Naomba. Naomba, shemeji."

Wifi akatusukuma nje sote wawili, akafunga mlango.